Kayamba la Hawe Limekwenda Wapi?

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume. Methali hii nimeiandika katika insha zangu tangu shule ya msingi ili nipate alama, lakini maana yake hasa sikuijua. Niliijua mwaka wa 2025, nikiwa kidato cha tatu, kwa sababu ya nambari moja tu niliyoichagua kwenye kompyuta.

Mimi ni mwanafunzi wa shule ya kutwa huku kwetu Kaloleni, Kaunti ya Kilifi. Ninaishi na nyanya yangu mzaa mama. Kwa Kigiriama nyanya huitwa hawe, na hivyo ndivyo nimwitavyo. Yeye naye hunitania kwa kuniita "mke mwenzangu", eti mimi na yeye tuliolewa na mume mmoja, marehemu babu. Jioni nikirudi kutoka shule, miguu imejaa vumbi, husikia sauti yake kabla sijafika uani: "Mke mwenzangu, umechelewa, maji nani atateka?"

Katika ujana wake Hawe alikuwa hodari wa kayamba. Kwa wale wasiolijua, kayamba ni matete yaliyofungwa pamoja yakawa kama kisanduku chembamba na kipana, na ndani yake mna mbegu ngumu. Hushikwa kwa mikono miwili likatikiswa huku na huku. Mkono ukiwa mwepesi, mbegu hulia chaka-chaka, chaka-chaka, kama mvua inayopiga makuti. Hakuna harusi ya karibu iliyofanyika bila ya yeye kuitwa. Lakini siku hizi vidole vyake vimekakamaa kwa maradhi ya viungo. Hata kikombe cha chai hukishika kwa viganja.

Likizo ya Aprili mjomba wangu alikuja kutoka Mombasa, ambako hufanya kazi ya kurekodi kwaya. Alikuja na kinasa sauti kidogo cha kutoshea kiganjani, akamwomba Hawe aimbe. Hawe alikataa kwanza. Baadaye akasema, "Haya, lakini nikishaliweka chini leo sitalishika tena. Hii mikono imeniaga." Tukaketi chini ya mwembe. Siku ya kwanza aliimba nyimbo tano, na siku ya pili nyimbo mbili. Baada ya wimbo wa saba alilifunga kayamba ndani ya leso, akalitundika ukutani. Hakuna aliyesema neno.

Mjomba alipokuwa akirudi Mombasa aliniachia nyimbo zote saba kwenye kadi ya simu yangu. Akaniambia, "Mjomba, hizi ni kubwa kwa sababu nimezirekodi kwa kiwango cha juu, sampuli 96,000 kwa sekunde. Ukitaka ndogo, tengeneza nakala. Hizi zenyewe usiziguse. Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba," nikajibu. Ewe msomaji, masikio yalisikia lakini moyo haukuwepo.

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka wa 2021. Chama chetu cha Kiswahili huiadhimisha kwa ngonjera, mashairi na michezo ya kuigiza. Mimi ndimi katibu wa chama. Nilipomweleza mwalimu mlezi kuhusu nyimbo za Hawe, alifurahi mno, akasema tutazicheza ukumbini na Hawe mwenyewe aalikwe aketi mstari wa mbele. Nilihisi nimeota mbawa.

Ijumaa ya tarehe 4 Julai, wakati wa chakula cha mchana, niliingia chumba cha kompyuta. Kompyuta ambayo ingeunganishwa na spika ni kuukuu, na zile faili kubwa zilikuwa zikikwama-kwama. Isitoshe, kadi yangu ni ya gigabaiti 2 tu. Nyimbo saba za dakika tano tano zilikula gigabaiti 1.2, na wenzangu walikuwa wananidai nafasi ya video za mazoezi ya mchezo.

"Wewe, futa hizo vitu zako kubwa kubwa! Tutaweka wapi video?" rafiki yangu akanihimiza.

"Ngoja basi, nazipunguza sasa hivi."

Nikafungua programu ya bure iitwayo Audacity. Pale pa kuchagua kiwango cha sampuli ikanitokea orodha ndefu: 8,000, 11,025, 16,000, 22,050, 32,000, 44,100, 48,000 na kuendelea hadi juu. Hakuna aliyekuwa amenifundisha nambari hizo ni za nini. Nilichojua ni kwamba ninataka faili ndogo, na nambari ndogo kuliko zote ilikuwa 8,000. Nikaichagua. Nikaunganisha pia njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia, zikawa moja. Wimbo uliokuwa na megabaiti 172.8 ukashuka hadi megabaiti 4.8. Nilikaribia kupiga kelele kwa furaha. Mara 36!

Nilijaribu kusikiliza. Kila wimbo huanza kwa Hawe kueleza uliimbwa lini na kwa nini. Nikasikiliza maelezo hayo kwa nusu dakika, nikamsikia vizuri, kila neno. Kengele ikalia. Basi nikazifuta zile kubwa, zote saba, na jioni hiyo tukaijaza kadi kwa video za mazoezi hadi ikasema haina nafasi tena.

Jumatatu ikafika. Ukumbi ulijaa pomoni. Hawe aliketi mbele, amejifunga leso mpya, na mwalimu mkuu alimwinamia kumsalimu. Nilisimama kando ya spika kubwa nikiwa nimevimba kama kaimati. Ngonjera zikapita, mashairi yakapita, zamu yangu ikafika. Nikabonyeza.

Maelezo yalisikika. Halafu wimbo ukaanza.

Sauti ya Hawe ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa kwa mtungi. Na kayamba? Pale palipotakiwa pawe na chaka-chaka palikuwa na fu-fu-fu, kama mtu anayekokota gunia sakafuni. Nikadhani spika imeharibika. Nikaongeza sauti, gunia likazidi kukokotwa. Nyuma ya ukumbi mtu akaropoka, "Ai! Huyu anaimbia ndani ya tangi ama?" Vicheko vikapasuka. Kijasho chembamba kilinitiririka mgongoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikuthubutu kumtazama Hawe.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, polepole kwa sababu ya magoti yake. Hakunikemea. Tulipofika penye minazi akasimama kupumzika, akaniuliza kwa upole, "Mke mwenzangu, ile sauti ni yangu, nimeijua. Lakini kayamba langu limekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo sikupata lepe la usingizi.

Jumamosi iliyofuata mjomba alikuja. Nilimweleza yote bila kuficha, macho yakiwa chini. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Ulichagua ngapi?"

"Elfu nane."

"Loo! Hicho ni kiwango cha simu, mjomba. Umemtia nyanya yako ndani ya simu."

Akaenda ukutani, akalitungua kayamba, akaniambia nilitikise. "Sasa mimi nitafumba macho. Nitakuwa nikiyafumbua kidogo tu na kuyafumba tena. Kinasa sauti nacho hufanya hivyo hivyo. Hakisikilizi mfululizo. Hupima sauti, kinaacha, hupima tena. Kila kipimo ni sampuli. Mkono wako ukienda na kurudi mara moja, nami nikafumbua jicho mara moja tu kila unapomaliza, nitauona wapi?"

"Pale pale."

"Haya. Nitaapa kwamba mkono haukusogea. Ili nijue kwamba unakwenda na kurudi, lazima nifumbue zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko. Hiyo ndiyo siri yote."

Alinieleza kwamba siri hiyo ina historia. Harry Nyquist, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Marekani, aliandika juu ya jambo hilo mwaka wa 1928 akichunguza telegrafu. Claude Shannon, Mmarekani, akatoa uthibitisho wake katika makala ya mwaka wa 1949. Kanuni ni hii: kiwango chochote cha sampuli hubeba sauti ambazo mitetemo yake haifiki nusu ya kiwango hicho. Ukichagua 8,000, kila kilicho juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde hakiwezi kubebwa. Programu nzuri hukichuja kwanza na kukitupa, kwa sababu kikiachwa kingejigeuza kuwa sauti nyingine ya uongo, kama ule mkono ulioonekana umesimama ilhali unatikisika.

Hapo nikafumbuka macho. Maneno ya mtu husikika vizuri chini ya mitetemo 4,000, na ndiyo sababu simu za zamani zilitosheka na 8,000, ingawa herufi kama s na f zilikuwa zikifanana. Nami nilisikiliza maneno tu. Lakini mlio wa mbegu kavu zinazogonga matete umejaa mitetemo ya juu. Ile chaka yenyewe ndiyo iliyo juu ya 4,000. Mimi nilibakiza mtikisiko nikautupa mlio. Mjomba akaongeza kwamba masikio ya wazee hupungukiwa na sauti za juu kadiri miaka inavyosonga. Na bado Hawe alijua kimepungua nini. Mimi mwenye masikio ya miaka 16 nilikuwa nimetazama ukubwa wa faili tu.

Nikamwuliza, "Sasa mjomba, si nizibadilishe tena ziwe 96,000 kama mwanzo?"

Akacheka, lakini si kwa furaha. "Jaribu."

Akafungua kompyuta yake. Nikachukua wimbo wa saba, nikachagua 96,000, biti 24, njia mbili. Faili ikavimba kutoka megabaiti 4.8 ikarudi 172.8 kamili. Moyo ulinidunda. Nikabonyeza.

Fu-fu-fu. Gunia lile lile.

"Umeona?" akasema. "Kompyuta imejaza nafasi katikati ya sampuli zilizobaki. Nafasi imerudi, kayamba halikurudi. Ukimimina kikombe cha maji ndani ya pipa, pipa ni kubwa lakini maji ni yale yale."

Hapo nikalia. Mjomba aliniacha nilie, kisha akakiri kwamba yeye pia ana kosa. Nyimbo tano za siku ya kwanza alizihifadhi kwenye kompyuta yake. Zile mbili za siku ya pili alizinakili kwenye kadi yangu akiwa na haraka ya matatu, kisha akarekodi kwaya juu yake. Nakala pekee ilikuwa kwangu. Tulijaribu kutafuta katika kadi mabaki ya zilizofutwa, lakini video zetu za mazoezi zilikuwa zimekalia nafasi yote. Tano zimepona. Mbili zimekwenda.

Baada ya chakula aliniketisha nizigeuze zile tano mwenyewe, akitaka nieleze kila chaguo kabla ya kubonyeza. "Usianze na nambari," akasema. "Anza na swali: itachezwa wapi?"

Kwa sherehe za shule na video, nilichagua 48,000. Nusu yake ni 24,000, na binadamu mwenye masikio mazuri husikia kutoka mitetemo 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo hakuna anachopunjwa. Tena 48,000 ndicho kiwango cha kawaida cha sauti katika video, nayo ni nusu kamili ya 96,000. Kwa biti 16, wimbo wa megabaiti 172.8 unakuwa 57.6, yaani theluthi. Nilipiga hesabu nikaumia: nyimbo zote saba kwa kiwango hicho zingekuwa megabaiti 403 tu.

Kwa redio ya Hawe nilichagua 44,100, kwa sababu redio hiyo hucheza sidii, na sidii ya muziki haina hiari: ni 44,100 na biti 16. Nambari hiyo ilinishangaza, mbona isiwe 40,000 au 45,000? Mjomba akasema ilitokana na kanda za video. Kabla sidii hazijaanza kuuzwa mwaka wa 1982, sauti za kidijitali zilihifadhiwa katika mashine za video, sampuli 3 katika kila mstari wa picha. Kwa mtindo mmoja wa video ilikuwa 3 mara mistari 245 mara 60 kwa sekunde, na kwa mtindo mwingine 3 mara 294 mara 50. Piga hesabu zote mbili, msomaji, utapata 44,100. Kwa kuwa 96,000 haigawanyiki sawasawa kwa 44,100, hesabu ya kugeuza ni ndefu kidogo, lakini programu nzuri za leo huifanya vizuri na sikio halitambui tofauti. Nyimbo tano zikawa karibu megabaiti 265, nazo zikaenea kwenye sidii moja na nafasi ikabaki.

"Kama 48,000 inatosha masikio, kwa nini ulirekodi 96,000?" nikamwuliza.

"Kwa nini fundi wa nguo huacha pindo?" akanijibu. "Leo halina kazi. Kesho mtoto akikua, unalifumua. Ukitaka kupunguza mwendo wa wimbo ili mtu ajifunze mkono unavyokwenda, nafasi ile itakusaidia. Ya kusikiliza punguza. Ya kuhifadhi usiguse."

Zile tano za 96,000 sasa ziko mahali pawili, kwa mjomba Mombasa na katika diski niliyoiweka ndani ya sanduku la Hawe. Zile mbili za 8,000 nazo nimezihifadhi vilevile zilivyo. Sikuzivimbisha. Nikizisikiliza nasikia maneno yote ya Hawe, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Jioni hiyo tuliiweka sidii kwenye redio. Chaka-chaka ikajaa uani hadi jirani akachungulia. Hawe alifumba macho, vidole vyake vilivyokakamaa vikawa vinatikisika mapajani. Wimbo wa tano ulipokwisha akangoja. Redio ikanyamaza.

"Na zile mbili?"

Nilipiga magoti nikamwambia ukweli: kwamba niliambiwa nisizifute, nami nikazifuta, kwamba maneno yapo lakini kayamba halipo, na halitarudi. Hawe alikaa kimya mpaka nikasikia nyigu kwenye paa. Kisha akasema, "Mimi siwezi tena, mke mwenzangu. Ungeniomba mwaka jana." Akageuza uso akatazama minazi. Baada ya muda akasema, "Litungue."

Nikalitungua. Tangu siku ile, kila Jumapili mchana huniimbia ule wimbo wa sita nami natikisa. Bado mkono wangu ni mzito, na mbegu zinalia zote kwa pamoja kama mtu aliyemwaga choroko. Yeye hunikatiza: "Sivyo! Rudi!" Hunipigia pigo kwa ulimi, kwa kuwa kwa vidole hawezi. Mjomba ameahidi kuja kurekodi nikishajua. Haitakuwa kayamba la Hawe, hilo nalijua. Itakuwa langu.

Ndugu zangu wanafunzi, nyumbani kwenu wako wazee, na simu zetu zote zina kinasa sauti. Mkirekodi, rekodini vizuri. Mkitaka kupunguza, ulizeni kwanza sauti hiyo itachezwa wapi, kisha kumbukeni ile nusu: zidisha kwa mbili sauti ya juu kabisa unayotaka kuibakiza, na uchague nambari inayopita hapo. Sikilizeni wimbo wote, si maneno ya mwanzo tu. Na ile faili ya kwanza msiifute hata kama marafiki wanadai nafasi. Maji yakimwagika hayazoleki, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu limekwisha kuvunjika. Ninyi chungeni yenu.